Msalato na shule za kata: tunalinganisha nini?

Dodoma imezoeleka kauli kwamba Msalato hufaulisha kwa sababu walimu wake ni bora kuliko wa shule za kata. Mtaala ni uleule, na mwajiri wa walimu ni yuleyule, Serikali. Tofauti kubwa huanzia mlangoni: Msalato ni shule maalumu ya bweni, hupokea wasichana waliopata alama za juu darasa la saba. Shule ya kata hupokea mtoto wa jirani, wengi wakitoka kusoma kwa Kiswahili na kukutana na Kiingereza ghafla kidato cha kwanza.

Asilimia ya ufaulu wa kidato cha nne nayo hudanganya. Daraja hutokana na jumla ya pointi za masomo saba bora: A pointi 1, D pointi 4, F pointi 5. Mwenye D mbili na F tano ana pointi 33, daraja la nne, na huhesabiwa amefaulu! Kwa hiyo tazama daraja la kwanza hadi la tatu, kisha linganisha na matokeo ya wanafunzi haohao kidato cha pili. Shule iliyowapandisha imefundisha. Angalia pia wangapi waliacha njiani. Waliotoweka hawaonekani kwenye asilimia.