Samaki wa rangi za kung'aa: wana madhara kwa anayewafuga?

Hawa samaki wametoka wapi?
Mwaka 1999, watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapuri walichukua jeni ya yavuyavu inayotengeneza protini ya kijani, wakaiingiza kwenye mayai ya samaki mdogo aitwaye zebra danio. Walikuwa wanatafuta samaki wa kufichua maji machafu. Wafanyabiashara wakaona pambo. Tangu mwishoni mwa 2003 wanauzwa Marekani kwa jina la GloFish.

Ule mng'ao ni mionzi?
Hapana. Protini hupokea mwanga wa buluu na kuutoa ukiwa kijani. Zima taa, naye anazimika.

Wataalamu hupimaje hatari kwa binadamu?
Huuliza mambo mawili: samaki ana nini cha kudhuru (sumu, mzio, vimelea), na mtu hukutana naye vipi. Kwa samaki wa tangini, kukutana kwenyewe ni mkono ndani ya maji. Kanada ilimpima tetra wa kijani (aina nyingine ya GloFish) kwa njia hiyo, ikaona hatari kwa afya ni ndogo. Jeni haihami kwa kumgusa.

Kwa hiyo nisiwe na wasiwasi?
Wasiwasi uwe kwenye maji, tena hata kama samaki wako ni wa kawaida kabisa. Humo huweza kuwamo bakteria aitwaye Mycobacterium marinum, ndugu wa yule wa kifua kikuu. Huingilia kwenye mchubuko unaposugua tangi. Wiki mbili tatu baadaye, pengine zaidi, kinatokea kinundu chekundu kidoleni. Huenda kikachimbika, na vingine vikafuatana kupanda mkono. Hakiambukizi kutoka mtu hadi mtu, ila matibabu yake huchukua miezi. Wenye kinga dhaifu wamwachie mwingine kazi ya kusafisha.

Vaa glavu, nawa kwa sabuni, na usivute maji ya mpira kwa mdomo (tabia hii wafugaji wengi tunayo!).

Mtu anaweza kuwala?
Mwaka 2003 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaachia wauzwe kwa sababu si samaki wa kitoweo. Wabaki hivyo, dawa zinazotiwa tangini hazikukusudiwa tumbo la mtu.

Kinundu kimeshatokea, nifanyeje?
Nenda hospitali, na umwambie daktari mapema kwamba unafuga samaki. Asipojua hilo atadhani ni jipu, akuandikie dawa isiyokifaa.