Kuku anamshinda Giraffatitan kwa pingili za shingo

"Yule wa Tendaguru ni mjusi."

Jina hilo la mjusi limeng'ang'ania tangu mifupa ya Giraffatitan, dinosauri mwenye shingo ndefu, ichimbwe Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin, ambako kiunzi chake kina kimo cha zaidi ya mita 13. Lakini Giraffatitan si mjusi. Ndugu zake wa karibu walio hai ni ndege, kisha mamba. Mjusi na kenge wana tawi lao. Hata mamba, pamoja na kufanana na kenge, kwa ukoo yuko karibu zaidi na kuku.

"Shingo ndefu ni pingili nyingi."

Mara nyingine ndiyo, mara nyingine sivyo kabisa. Twiga ana pingili 7 za shingo (vipande vya mfupa vya uti wa mgongo) kama binadamu na panya, ila kila moja imerefuka. Mamba ana 9. Kuku ana 14, na bata maji weupe wa Ulaya wanapita 20. Giraffatitan, mwenye shingo ya mita 8 na ushee, alikuwa na 13 tu: pungufu ya kuku kwa moja! Tofauti ni kwamba pingili zake ndefu zaidi zinafikia takriban mita 1 kila moja. Mamenchisaurus, dinosauri mwingine wa China, alitumia njia zote mbili, pingili 18 au 19, tena ndefu.

Hizo za ziada zinatoka wapi? Katika kiinitete pingili huanza zikifanana, kisha jeni za kundi la Hox, zinazopanga sehemu za mwili, huzigawia kazi. Jeni ya Hoxc6 huanza kufanya kazi pale shingo inapokutana na kifua: kwa panya baada ya pingili ya 7, kwa kuku baada ya ya 14. Mpaka huo ukisogea nyuma, pingili ambayo ingebeba ubavu wa kifua inageuka kuwa ya shingo. Idadi ya jumla ya pingili nayo inaweza kuongezeka.

"Vile vimiba kwenye shingo ya kuku ni mfupa uliovunjika."

Hapana, ni mbavu. Chemsha shingo ya kuku hadi nyama iachie, zitenganishe pingili na uzipange kwa mfuatano. Usishangae ukikosa 14: kisu huondoa za juu pamoja na kichwa, na za chini hubaki kwenye kidari. Vimiba vya pembeni vinavyoelekea nyuma ni mbavu za shingo zilizoungana na pingili. Kwa mamba mbavu hizo zimejitenga na hupandana kama vigae, ndiyo maana shingo yake haipindi sana kwenda pembeni. Kwa Giraffatitan baadhi zilikaribia mita 3, nyembamba kama fito.

Ukiwa bado na mifupa mezani, tazama ncha zake. Za kuku zina umbo la tandiko la farasi: zinaruhusu kuinama na kugeuka pembeni, lakini zinazuia kujisokota. Pingili ya mamba ina kikombe mbele na tufe nyuma. Ya shingo ya Giraffatitan ni kinyume chake, tufe mbele na kikombe nyuma.

"Shingo ile ingemwangusha kwa uzito."

Ingemwangusha kama ingekuwa ya mifupa mizito kama ya mamba. Vifuko vya hewa vilivyoungana na mapafu vilipenya ndani ya pingili, kama kwa ndege wa leo, na zaidi ya nusu ya ujazo wake ilikuwa hewa. Mamba hana mashimo hayo.

"Mamba hajabadilika, na ndege wametokana naye."

Jamaa za mamba wa enzi ya Jura, wakati wa dinosauri, walikuwa na pingili zilizobonyea kidogo au zilizo bapa pande zote mbili. Tufe na kikombe vilikuja baadaye. Ndege nao hawakutoka kwake, bali matawi mawili yaliachana. Teleocrater, mtambaazi wa kale ambaye mifupa yake iliokotwa kusini mwa Tanzania mwaka 1933 na kupewa jina rasmi 2017, aliishi takriban miaka milioni 245 iliyopita, na yumo katika tawi la ndege. Pingili zake za shingo zilikuwa tayari zimerefuka, kabla ya dinosauri wote tunaowajua vizuri, ilhali kifundo cha mguu wake kilikuwa bado kama cha mamba.