Trei ya mayai darasani

Mwanafunzi mwenye ulemavu wa akili akiacha kazi katikati, walimu wengi husema hana umakini. Mimi huikagua kwanza kazi yenyewe: je, anaona inaanzia wapi na kuishia wapi? Ndiyo maana naipenda trei ya mayai. Ina matundu 30, sita kwa tano. Yakijaa, kazi imekwisha, hata kwa asiyejua kuhesabu mpaka kumi.

Mezani weka kikapu kushoto, trei kulia, basi. Mwanafunzi aupe mgongo mlango. Siku za mwanzo tumia ndimu, maana yai likipasuka darasa zima linahamia huko. Fundisha ukianzia mwisho: jaza wewe matundu 29, yeye alijaze la mwisho na kuipeleka trei rafuni. Akizoea mwachie mawili, kisha safu nzima. Kila mara anayemaliza ni yeye, na hilo ndilo linalomrudisha mezani kesho yake. Akiweza trei nzima, leta mayai ya kuchemsha, mengine yenye ufa: zima liingie kwenye trei, ncha nyembamba chini; lenye ufa, bakulini.

Kosa kubwa ni la midomo yetu. "Haya… vizuri… lingine." Mwanafunzi huzoea kuisubiri sauti hiyo, na kazini hakuna wa kuitoa. Mkono tunaomshika nao tunakumbuka kuuondoa. Maneno hatuyasikii hata wenyewe. Onyesha kwa kidole au picha iliyobandikwa mezani, rudi nyuma hatua mbili, nyamaza. Andika majaribio kumi kwa siku. Akifaulu manane bila msaada siku tatu mfululizo, ongeza hatua nyingine ya kazi.

Akienda kupanga mayai kazini, kwenye banda la kuku, aende na picha zilezile. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, lakini banda la mtaani halifikishi idadi hiyo. Kwa hiyo mwenye banda mpelekee trei aliyoipanga mwanafunzi, aione. Wiki ya kwanza mwalimu akae karibu, ya pili mlangoni, na mfanyakazi mmoja tu, si watano, awe ndiye wa kuulizwa.

Malipo yakipitia simu, namba ya siri nayo ni somo la kuanza mapema: kuibonyeza, na kutomtajia hata anayemsaidia kutoa pesa.