Jioni ya redio wakati wa vita: kazi ilikuwa pale baada ya taarifa ya habari

Ukitaja redio ya Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili watu wanakimbilia hotuba za Churchill, sawa, lakini mi kazi yangu ni kupanga vipindi na kila nikichungulia ratiba za BBC za miaka ile jicho linanasa palepale, saa tatu na robo usiku. Pale ndo palikuwa na kazi.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Vita ilipoanza Septemba 1939 BBC walizima televisheni, wakafuta stesheni zao za taifa na za mikoa, wakabaki na moja tu, Home Service. Sababu ilikuwa ya mitambo: rubani wa Kijerumani angeweza kuufuata mtambo wa redio mpaka mjini, kwa hiyo mitambo kadhaa ikawekwa irushe kitu kilekile kwa masafa yaleyale, ndege zikikaribia mmoja unazimwa na msikilizaji wa pale anaendelea kupata sauti hafifu ya mitambo ya mbali. Akili kubwa hiyo. Ila sasa nchi nzima ina stesheni moja, sinema siku zile za mwanzo zimefungwa, taa za nje marufuku, na redioni ni taarifa, matangazo ya serikali, na Sandy MacPherson anapiga kinanda, kinanda, kinanda, mpaka watu wakamchoka maskini ya Mungu.

Msikilizaji akichoka anahama, hilo halijawahi kubadilika. Na aliyekuwa anawasubiri upande wa pili ni William Joyce, yule waliyembandika jina la Lord Haw-Haw, anatangaza kwa Kiingereza kutoka Hamburg. Mamilioni wakawa wanasikiliza taarifa ya BBC ya saa tatu, ikiisha tu wanaenda kwa Mjerumani, wengi kwa kutaka kucheka tu lakini wanaenda. Jibu la BBC likawa Postscript, mazungumzo mafupi yanayobandikwa palepale taarifa inapokwisha, na Juni 1940 Jumapili wakampa J.B. Priestley, mwandishi mwenye lafudhi ya Yorkshire, anaongea kama mtu mliyekaa naye mezani. Mliokulia na Mazungumzo Baada ya Habari ya RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, hamuhitaji maelezo zaidi.

Kwa hiyo jioni nzima iligeuka kitu kinachozunguka taarifa, na burudani ikawekwa pembeni yake kuwaleta watu na kuwazuia wasiondoke. Mfano mzuri ni Alhamisi saa mbili na nusu, kipindi cha vichekesho kilichoitwa ITMA, cha Tommy Handley, kinaisha ukingoni kabisa mwa taarifa. Mwandishi wake Ted Kavanagh alisema ndani ya nusu saa ana dakika 18 na nusu za maneno na anatafuta vicheko 100 humo, yaani kimoja kila sekunde 11! Muda unaobaki ni bendi na nyimbo, na usidhani muziki ule ni wa kujazia, bila ule watu hawapumui na kicheko cha mbele kinakufa.

Ufundi wao mi ndo unaniua. Walikuwa na mlango. Mlango wa kweli studioni, unafunguka, mhusika anaingia, anatupa sentensi yake ileile ya kila wiki, mlango unabamizwa, kaondoka, na hakuna aliyelazimika kukueleza nani kaja maana ushamjua kwa sauti. Funf, jasusi wa Kijerumani anayepiga simu za vitisho, sauti yake Jack Train aliipata kwa kuongelea ndani ya glasi. Glasi tu ya maji jamani, na nchi nzima ikawa inamuigiza, mtu akipokea simu anasema yeye ni Funf, na yule jasusi wa kuogopwa anakuwa kituko. Na yote hayo yanakwenda moja kwa moja hewani na skripti imeshapitiwa na wakaguzi, hata hali ya hewa ya leo hairuhusiwi kutajwa maana adui naye anasikiliza. Idara yenyewe ya burudani ilikuwa imehamishiwa Bristol, mabomu yakaifuata huko, 1941 ikakimbilia Bangor huko Wales.

Maigizo nitayapita haraka kwa sababu yalichelewa kukaa sawa, Saturday Night Theatre imeanza Aprili 1943.

Nirudi kwenye nafasi yetu ya baada ya taarifa. Februari 1940 ilikuwa imeshafunguliwa stesheni ya pili, Forces Programme, nyepesi zaidi, ya wanajeshi, ingawa majumbani nako waliivamia. Humo Novemba 1941 mwimbaji Vera Lynn akapewa kipindi cha Jumapili usiku, Sincerely Yours, na si mnaona, baada ya taarifa ya saa tatu. Anaimba, anasoma salamu, anaenda wodini kwa mama aliyejifungua halafu anamwambia baba aliye vitani kwamba mtoto kafika salama. Wakubwa wa BBC hawakukipenda, walihofia nyimbo za mapenzi na huzuni zitalegeza askari, na kwenye kumbukumbu za kikao waliandika kwamba kipindi kinasikitisha ila umaarufu wake umeonekana. Mpanga vipindi yeyote anaijua hiyo sentensi, kashaiandika kwa maneno yake! 1942 wakatoa kabisa sera ya kubana nyimbo za namna hiyo. Kwa maoni yangu walikosea, askari wenyewe ndo waliokuwa wanaziomba.

Vita ya Ulaya ilipoisha ratiba nzito ya enzi za kinanda haikurudi peke yake. Tarehe 29 Julai 1945 ile stesheni nyepesi ilipewa jina la Light Programme ikakabidhiwa raia, pamoja na jioni zake za vichekesho na bendi.