Injini Imefungwa Upya, Moshi Bado Unatoka: Usikimbilie Kuifungua Tena

Moshi uliingia karakanani kabla ya gari lenyewe. Ilikuwa Toyota Prado ya dizeli, injini ya 1KZ-TE ya lita 3 yenye turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa kuingia kwenye injini; mwenyewe huitumia kuchukulia dagaa Kirumba mwaloni, hapa Mwanza, na kuwapeleka Geita. Injini ilikuwa imetoka kufungwa upya: pistoni mpya, ringi mpya zinazoizunguka pistoni, silinda hedi nyingine. Siku ya tatu ukaanza moshi wa bluu. Gereji ikafungua tena, ikabadilisha ringi mara ya pili, na moshi ukabaki vilevile. Alipotufikia hapa chuoni, mwenye gari alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya injini ya mtumba.

Wanafunzi wangu walitaka kwenda moja kwa moja kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Nikawaambia tuanze na bomba linalorudisha oili kutoka kwenye turbo kwenda sampu, karai la oili chini ya injini. Lilipotoka, kijana mmoja akaingiza kidole, akavuta utepe mwekundu wa gundi ya silikoni, mrefu kama kidole chake cha mwisho. Aliyefunga alikosa gasketi, akapaka gundi kwa wingi, na boliti zilipokazwa gundi ikavimbia ndani ya bomba. Ringi hazikuwa na kosa lolote, wala zile za kwanza zilizotupwa.

Ukiitazama turbo vizuri utaona bomba linaloingiza oili ni jembamba kama penseli, na linaloitoa ni nene kama kidole gumba. Oili inaingia ikisukumwa na pampu, lakini inatoka kwa uzito wake tu, ikiwa imechanganyika na povu. Mhimili wa turbo unazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na sili zake, yaani vizuizi vya oili, si mpira: ni viringi vidogo vya chuma ambavyo haviwezi kuzuia oili iliyojaa. Njia ya kutokea ikiziba, oili inatafuta njia nyingine, ama upande wa ekzosi ama upande wa hewa inayoingia kwenye injini. Vyovyote itakavyokwenda, itaungua na moshi utakuwa bluu.

Matokeo ni yaleyale oili ikizidi alama ya juu kwenye kijiti, bomba likipinda, au mpira wa kupumulia injini ukiziba. Huo wa mwisho husahaulika sana. Injini isipopumua, presha inajaa kwenye sampu na kuizuia oili ya turbo kushuka. Kabla ya kumlaumu fundi wa ringi, fungua mpira huo upulize kwa mdomo.

Rangi ya moshi kila mtu anaijua. Mimi kwanza humwuliza mwenye gari: unatoka saa ngapi? Ukitoka kwa wingi asubuhi unapowasha, kisha ukapungua, shuku sili za vali, kwa kuwa oili ilivuja usiku kucha. Ukiwa mwingi gari linapovuta mzigo, kwa mfano kupanda kilima cha Bugando, na mfuniko wa oili ukiufungua unapumua kama sufuria inayochemka, hizo ni ringi au silinda. Gari likisimama linaunguruma dakika kumi kwenye foleni, halafu ukikanyaga mafuta likatoa wingu la bluu, anza na turbo, ingawa sili za vali nazo zinaweza kufanya hivyo. Fungua bomba la hewa linalotoka kwenye turbo ulipanguse kwa kitambaa cheupe. Unyevu kidogo wa oili ni kawaida. Oili ikituama, turbo inavujisha.

Ila turbo ya zamani ikiwa ilikufa kabla ya matengenezo, huenda oili hiyo ni yake. Intakula, kile kirejeta cha kupoza hewa, inaweza kubaki na oili nyingi kutoka kwenye turbo iliyokufa. Watu wanafunga turbo mpya bila kuiosha, kisha wanashangaa. Ekzosi nayo inabaki imelowa kwa ndani, na kuna oili iliyopakwa wakati wa kufunga. Kwa hiyo gari lililotoka gereji lina haki ya kutoa moshi kwa safari ya kwanza, hata siku mbili tatu, mradi unapungua.

Usiopungua mara nyingi tunautengeneza wenyewe. Kuna desturi ya kuiwasha injini mpya na kuiacha ikiunguruma pale pale tangu asubuhi hadi jioni, eti izoee. Hilo linaiharibu. Ringi hubanwa kwenye ukuta wa silinda na presha ya mwako, na presha hiyo haipatikani bila mzigo. Ukuta unang'aa kama kioo, ringi hazikai, na oili inapanda maisha yote. Ukishahakikisha presha ya oili ipo na hakuna kinachovuja, toka barabarani. Chukua njia ya Kisesa kwenda Magu, kanyaga kwa kiasi, badilisha mwendo, achia, kanyaga tena. Usivute tela wala usipige resi. Mwaga oili ya kwanza kati ya kilomita 500 na 1,000.

Moshi mweupe una ndugu wawili. Unaochoma macho na kunuka dizeli ni mafuta yasiyoungua: nozeli mbovu zinazopuliza dizeli, au taimingi ya pampu (wakati wake wa kutoa dizeli) iliyokosewa wakati wa kufunga mkanda. Unaopotea haraka hewani ni mvuke wa maji. Vitabu vinasema utanusa utamu wa dawa ya rejeta, lakini wengi wetu tunajaza maji ya bomba, basi usiitegemee pua. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, washa, utazame. Mapovu yasiyokoma ni gesi inayopita kwenye gasketi ya hedi au ufa. Hedi za 1KZ zinajulikana kwa nyufa, kwa hiyo ya mtumba ipimwe kwa presha kabla ya kufungwa. Na mfuniko wa rejeta, unaoshikilia presha, uwe mzima: huku kwetu maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi.

Mweusi hausumbui sana. Ziwa letu, Victoria, liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 10. Turbo inafidia hilo, lakini mpira wake mmoja ukipasuka au kufungwa legelege, dizeli inazidi hewa, na gari linakosa nguvu. Kaza klipu kwanza.

Jambo ambalo sitaki mtu ajifunzie barabarani ni hili. Injini ya dizeli inaweza kuendeshwa na oili inayovuja kutoka kwenye turbo. Itapiga resi yenyewe, moshi utaziba mtaa, na kuzima ufunguo hakutasaidia. Kwenye gari la gia za mkono, weka gia kubwa, kanyaga breki kwa nguvu, achia klachi injini ife. La otomatiki linazimwa kwa kuziba hewa tu, na usizibe kwa kiganja. Hapa karakanani, kila tunapowasha injini ya turbo kwa mara ya kwanza, mwanafunzi mmoja husimama kando ya mdomo wa hewa akiwa na kipande cha ubao. Hana kazi nyingine siku hiyo.