Ini lenye mafuta: tunayoambiana na yalivyo kweli

Ndani ya ini hakuna mishipa ya kuhisi maumivu. Iliyopo iko kwenye utando wake wa nje. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi miaka mingi na ini linaloharibika huku akichapa kazi kama kawaida. Kimya hicho ndicho kinachozipa nafasi dhana nyingi potofu.

"Hajawahi kunywa pombe, ini litamuuaje?"

Swali hili huulizwa hadi msibani, na linaumiza sana. Mama hajaonja pombe maisha yake yote, anafariki kwa ini kusinyaa, na majirani wanaanza kunong'ona kwamba labda alikuwa anakunywa kwa siri. Tuache kuwasingizia wagonjwa. Sukari na wanga vikizidi mahitaji ya mwili, ini lenyewe huvigeuza kuwa mafuta. Mwenye kitambi au kisukari cha aina ya pili yuko hatarini zaidi, kwa sababu insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, haifanyi kazi yake sawasawa na mafuta huishia kujirundika kwenye ini. Baadhi ya watu hubaki hapo bila madhara makubwa. Kwa wengine ini huvimba, linapata makovu, kisha linasinyaa, na saratani inaweza kufuata.

Wengi hudhani mafuta hayo yanatokana na vyakula vya kukaanga tu. Chipsi za kila siku zina mchango wake, lakini soda ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, na karibu nusu yake ni fruktosi, aina ya sukari ambayo sehemu kubwa huchakatwa na ini. Wembamba nao si kinga: wapo watu wasio na kitambi ambao maini yao yana mafuta.

"Bia haina shida, gongo ndiyo inayoua ini"

Tupige hesabu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi. Kichupa cha pombe kali cha mililita 200 chenye asilimia 35 kina takriban gramu 55. Kwa hiyo aliyekunywa bia tatu ameshampita aliyemaliza kichupa kile, ingawa mtaani huyu wa pili ndiye anayeitwa mlevi. Ini linaangalia jumla ya alkoholi na miaka ya unywaji. Ini la mwanamke huumia kwa pombe kidogo kuliko inayomuumiza mwanaume, na mwenye kitambi anayekunywa anaubeba mzigo mara mbili.

Kushiba nyama kabla ya kunywa kunachelewesha pombe kuingia kwenye damu, basi. Karibu yote itapita kwenye ini hata hivyo. Kuzimua asubuhi ni kuliongezea ini kazi kabla halijamaliza ile ya jana.

"Kuna dawa ya kusafisha ini"

Hapa watu wanaumizwa na kulipishwa juu. Hakuna chai, unga wala juisi iliyothibitishwa kuosha mafuta kwenye ini, na baadhi ya mitishamba huliumiza ini hilohilo. Mwambie daktari kila unachotumia, hata kama ni majani ya shambani kwa bibi.

Kinachofanya kazi kinajulikana. Kwa mwenye uzito uliozidi, kupunguza asilimia 5 hupunguza mafuta kwenye ini. Akifikia asilimia 7 hadi 10, uvimbe hupungua, na hata makovu yanaweza kurudi nyuma. Mtu wa kilo 80 anahitaji kupunguza kilo 6 hadi 8, polepole, kwa sahani yenye ugali au wali kidogo na mboga nyingi, pamoja na kutembea kwa kasi walau dakika 150 kwa wiki. Kisukari na shinikizo la damu vitibiwe. Vidonge vipo: Machi 2024 Marekani iliidhinisha resmetiromu, dawa ya kwanza kwa ini lenye mafuta, uvimbe na makovu, lakini hata hiyo hutumiwa pamoja na lishe na mazoezi.

Kwa mnywaji, tiba ya kwanza ni kuacha kabisa. Mafuta yaliyoletwa na pombe yanaweza kuondoka ndani ya wiki chache. Ila aliyezoea kunywa sana kila siku asikate ghafla akiwa amejifungia nyumbani. Mtetemeko, degedege na kuchanganyikiwa vinaweza kumuua, aanzie hospitali.

"Vipimo vya damu viko sawa, basi niko salama"

Vimeng'enya vya ini, ambavyo ndivyo vinavyopimwa kwenye damu, vinaweza kuwa kawaida huku ini limejaa mafuta. Ultrasaundi nayo inaweza kuyakosa yakiwa machache. Mwenye kisukari amwombe daktari akadirie makovu kwa kutumia umri, vimeng'enya viwili vya ini na idadi ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Hesabu hiyo haihitaji mashine ya gharama. Apime pia homa ya ini B, na kama hana, achanjwe.

Ini likisha kusinyaa, mgonjwa bado ana la kufanya: kuacha pombe humwongezea miaka, na ultrasaundi kila baada ya miezi 6 husaidia kuiwahi saratani. Macho yakiwa ya njano au tumbo likijaa maji, kurogwa kusitajwe, apelekwe hospitali. Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami au akianza kuchanganyikiwa, msisubiri kukuche.