Tairi kubwa haliongezi mwendo kwenye spidomita

Pale Changamwe na Miritini, Mombasa, utasikia madereva wakisema ukilivalisha lori tairi kubwa, mshale wa spidomita huzidisha. Ni kinyume. Spidomita haiijui barabara. Inahesabu mizunguko ya shafti inayotoka kwenye giaboksi, kisha inakadiria kwa tairi la awali.

Chukua tairi la saizi ya 295/80R22.5, lenye kipenyo cha takriban milimita 1,044, uweke 315/80R22.5, takriban 1,076. Kila mzunguko sasa unakwenda asilimia 3 zaidi. Mshale ukisema 80, wewe uko 82 na nusu, na 80 ndiyo kikomo cha malori Kenya. Kidhibiti mwendo kinachotegemea ishara hiyohiyo nacho hudanganyika. Safari ya Mombasa hadi Nairobi, kama kilomita 480, itasomeka 466, kwa hivyo hata sevisi utachelewa.

Na nguvu je? Difu ya 4.11, yaani shafti huzunguka mara 4.11 gurudumu likizunguka mara moja, inakuwa kana kwamba ni ya 3.99: tambarare injini inatulia, lakini kilima cha Mazeras na kontena mgongoni utashusha gia mapema. Dawa ni kusahihisha mpangilio wa spidomita. Kubadilisha difu kwa asilimia 3 ni kutupa pesa.